Bibi Aliandika Zote Mbili

Programu yenyewe haikuwa kubwa. Ukiiprinti haifiki kurasa nne, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeweka mistari ya kujisifu: imetengenezwa Tanga, na mimi mwenyewe, kwa mapenzi. Niliipa jina la Tangaza. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mtu akifariki mtaani kwetu, katibu wa chama cha kuzikana anaandika tangazo mara moja, na programu inalipeleka kwa meseji kwenye simu za wanachama wote: nani kafariki, anazikwa wapi, saa ngapi. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri anasaliwa. Zamani katibu alikuwa anapiga simu moja moja, na wako waliokuwa wakipata habari wakati wenzao wanarudi makaburini na udongo miguuni.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja njia ya kwendea Raskazone. Natoa fotokopi, naandikia watu barua za kuomba kazi, nawarekebishia tarehe kwenye fomu zao. Elimu yangu ni kidato cha nne, tena kwa matokeo ambayo mama aliyapokea kwa kusema, "Alhamdulillahi, umemaliza," kisha akaenda zake jikoni. Kuandika programu nilijifunza kwa simu, halafu kwa kompyuta ya dukani wateja wakipungua. Ndoto nilikuwa nazo, na zilikuwa hazijui haya. Leo mtaa wetu, kesho Tanga nzima, keshokutwa Tangaza inavuka Horohoro inaingia Mombasa, na mimi, binti wa steshenari, nahojiwa redioni, najibu huku nachekacheka.

Katibu alikuwa bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mjane, mwembamba, ujana wake wote alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba la katani. Programu yangu haikuwa na picha wala vitufe vya kugusa, kwa sababu vitufe nilikuwa sijajua kuvitengeneza. Ilikuwa inaendeshwa kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri kwa maneno, unabonyeza Enter, basi. Wenzangu walinicheka: bibi gani ataweza hayo? Bibi alipoiona alivuta kiti.

"Hii ndiyo mashine," akasema. "Unaiambia, inafanya. Hivyo vyenu vya kupapasapapasa vinanitia kizunguzungu."

Akaandika bila kutazama vidole, na kompyuta ile kuukuu ya chama ikawa inalia ta-ta-ta kama inapigwa na mvua.

Amri ilikuwa hivi. Unaandika tangaza, halafu unaongeza maneno yanayoanza na vistari viwili, ambayo ndiyo yanaieleza programu ifanye nini na namna gani. Nilikuwa nayaita machaguo. --orodha inataja kundi la kutumiwa, kwa mfano mtaa au kamati. --onyesha inakuonyesha majina ya watakaopata tangazo bila kutuma kitu. Na --bila, ambayo unaifuatisha na namba ya simu, inamwacha mtu mmoja asitumiwe.

Hili la mwisho ndilo nililolionea fahari kuliko yote, maana sikulitoa kwenye video ya mtu, lilitoka kwetu. Wako watu ambao hawapashwi habari ya msiba kwa meseji. Mama wa marehemu. Mwenye presha. Mzazi aliyejifungua karibuni, hajatoka arobaini. Hao wanapelekewa watu. Wanafika, wanakaa, wanapewa maji, wanaanzia mbali, na yule anayeambiwa anakuwa keshajua kabla neno lenyewe halijatoka.

Kwa hiyo niliandika karatasi ya maelekezo, ukurasa mmoja, nikaiprinti kwa rangi. Mbele ya --bila niliandika: "Namba ya mtu asiyetumiwa." Maneno manne. Bibi aliisoma karatasi yote akiwa amevua miwani na kuivaa tena, akaweka kidole pale pale.

"Na wakiwa wawili?"

Mimi nilikuwa namenya chungwa.

"Unaiandika tena tu, bibi. Mara mbili."

"Mara mbili."

"Ndiyo, mara mbili, kila mtu na yake."

Sikuwa nimejaribu. Sikusema uongo kwa kukusudia. Nilijibu vile ambavyo ningependa iwe, na chungwa lilikuwa tamu.

Miezi ikapita. Misiba ilikuja na kwenda, na kila mara alikuwa anaachwa mtu mmoja, au haachwi mtu. Halafu asubuhi moja, kabla jua halijapanda, akafariki kijana wa mtaa, fundi wa mafriji, ghafla, ameketi kitandani anavaa soksi. Mama yake alikuwa kisiwani Pemba kwenye harusi ya jamaa zao, na ana presha. Dada yake aliolewa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, mumewe anafanya kazi kwenye nyumba za wageni pale ufukweni, na alikuwa amejifungua siku kumi na nane tu. Namba zao wote wawili zilikuwa kwenye orodha ya mtaa. Familia ikamwambia katibu: hawa wawili wasitumiwe. Mama ataambiwa na kaka yake aliye huko huko Pemba. Ushongo wanakwenda mama zake wadogo wawili, gari imeshapatikana.

Nilikuwa nafungua duka meseji ilipoingia kwenye simu yangu. Ilikuwa imekaa vizuri, mistari imepangika, saa ya maziko iko peke yake chini. Nikatabasamu. Mtu amekufa, mtu niliyemjua, aliyenitengenezea mama feni, na mimi nimesimama mlangoni natabasamu kwa sababu mistari imepangika.

Mama wadogo walikuwa hata kivuko cha Pangani hawajakifikia. Yaliyotokea ng'ambo ya pili nilikuja kuyasikia kwa mkubwa wao, alipoyasimulia jamvini siku ya tatu. Walimkuta yule mzazi njiani, nje kabisa ya kijiji, anatembea katikati ya minazi. Miguu mitupu. Kanga kaivaa ndani nje. Mtoto kifuani, kichwa wazi juani. Simu iko mkononi. Walishuka garini mbio, na yeye akasimama akawatazama.

"Akatuuliza," alisema yule mama mdogo, "mnakuja kuniambia nini ambacho simu haijaniambia?"

Maziwa yalimkauka siku nne. Mtoto alinyonyeshwa na jirani.

Siku ile ile ya maziko, jioni kabla ya magharibi, nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta sebuleni, hajavua buibui.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akasita. "Niliandika zote mbili, mwanangu. Nakumbuka vidole vyangu."

"Ngoja nitazame."

Dirisha jeusi lina tabia moja ambayo bibi hakuijua. Ukibonyeza mshale wa juu, linakurudishia amri uliyoandika mwisho. Nikabonyeza. Amri ikatokea nzima, haina kosa hata la nukta. --bila na namba ya dada. --bila na namba ya mama. Zote mbili. Bibi alikuwa nyuma yangu, miwani iko kwenye kamba, haoni.

Nilijua hapo hapo. Ndani ya programu nilikuwa nimetenga nafasi moja ya namba ya kuachwa, kama msumari mmoja ukutani. Ukitundika ya pili, ya kwanza inaanguka, na programu haisemi kitu. Ya mama ilibaki. Ya dada ikaanguka.

"Umeona nini?"

"Bado natazama, bibi."

Nikafunga kompyuta.

Mpaka leo nikiwa naosha vyombo nikaikumbuka sentensi hiyo nasimama na sahani mkononi. Bado natazama. Hakuna kilichobaki cha kutazama.

Kamati ilikaa siku ya nne. Mwenyekiti wetu ni mzee wa Kipemba, muuza mchele, mpole hata akikukataza jambo unahisi kama amekupa. Hakumgombeza katibu. Laiti angemgombeza.

"Bibi, si kosa," alimwambia. "Ni umri. Macho yamefanya kazi yake, na sisi sote ndiko tunakokwenda. Namba moja imekupita, inatokea."

"Haikunipita. Niliandika zote mbili."

Watu wakatazama chini kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyokuwa mbaya. Mmoja akamshika bega. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa karibu na mlango, akasema kwa furaha kabisa, "Na huyu mwana aliyeitengeneza, kwa nini asiichukue kazi yenyewe? Damu changa. Tukimaliza hitma akabidhiwe."

Mama yangu alinitazama kwa fahari. Mimi nikasema, "Nitafikiri, mzee." Nilisema hivyo.

Sasa nieleze nililolifanya baadaye, ambalo nililiona la maana sana wakati huo. Niliomba kompyuta ya chama nikaipeleke dukani "kuisafisha". Nikakaa nayo mchana kutwa, nikairekebisha programu. Mistari mitano tu. Badala ya msumari mmoja nikaweka kapu, kila --bila inadondosha namba yake humo na zote zinabaki. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze nikaandika jaribio. Nilitengeneza orodha ya uongo, badala ya watu nikaweka matunda: embe, fenesi, stafeli, chungwa, pera. Nikaandika kwanza kwenye karatasi: ukisema bila fenesi na bila pera, lazima wabaki watatu. Kisha nikaiendesha. Wakabaki watatu. Nikapiga kofi la furaha, mteja akageuka.

Nilijiambia nimelipa. Nilijiambia hivi: kosa limeondoka, halitatokea tena kwa mtu mwingine, sasa kuna haja gani ya kumfungulia mtu kidonda? Nikairudisha kompyuta kwa bibi, nikaiweka mezani.

"Nimeisafisha kidogo," nikamwambia.

Sikufikiri kwamba mpiga chapa wa miaka yote ile hatakubali tu kuambiwa macho yake yamechoka. Bibi alisubiri niondoke, akafungua dirisha jeusi, akaiandika upya amri ya siku ile, neno kwa neno, namba zile zile mbili, akaongeza --onyesha ili isitume. Alitaka kujionyesha mwenyewe kwamba aliiandika sawa na mashine ikafanya kinyume. Na mashine, iliyokuwa imesharekebishwa bila yeye kujua, ikafanya sawa. Dada hayumo. Mama hayumo.

Aliniita siku ya tisa. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Nimeipima mashine," akasema. "Haina kosa."

Nikatazama mkeka.

"Basi ni mimi. Niliandika moja nikadhani nimeandika mbili. Nakumbuka kitu ambacho hakikuwepo." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Mama yangu alianza hivi hivi, mwanangu. Alianza kwa kukumbuka vitu ambavyo havikuwepo."

Nikanyanyua macho ili nisimtazame yeye, nikaona ukuta. Alikuwa amebandika vipande vya makaratasi, maandishi yake yale mazuri ya ofisini. Karibu na mlango wa jikoni: Zima jiko. Juu ya msumari: Funguo hapa. Kando ya kitanda: Dawa ya asubuhi umekunywa? Hakuwa na vipande hivyo wiki iliyopita.

"Na wewe," akauliza, "uliniambia niandike mara mbili? Au na hilo nimeliota?"

"Uliniuliza, bibi. Nilikuambia mara mbili."

"Afadhali. Hata hilo moja."

Nikaaga. Nikatoka kwa mbio kama niliyeitwa dukani. Nilimpa kipande kidogo cha ukweli na akakishukuru, na mimi nikaenda zangu.

Siku mbili zilizofuata sikuweza kula sawasawa, lakini hilo silisemi nionewe huruma. Mwenye kustahili huruma alikuwa anazima jiko mara tatu.

Siku ya kumi na moja, baada ya alasiri, alituma nije kukabidhiwa. Mezani kulikuwa na kompyuta imefungwa kwenye kanga safi, waya umekunjwa na kufungwa kwa uzi, daftari la wanachama, na karatasi moja aliyoichapa mwenyewe na kwenda kuiprinti duka jingine ili nisijue. Hati ya makabidhiano. Vitu vimeorodheshwa kimoja kimoja. Chini palikuwa na nafasi mbili za kusaini, na yake alikuwa ameshaijaza.

"Ofisi haikabidhiwi kwa mdomo," akasema. "Soma, utie saini."

Nikasoma. Kipengele cha mwisho aliandika: "Sababu ya makabidhiano: aliyekuwa katibu amepungukiwa na kumbukumbu."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilisema bila kupanga maneno, na yalitoka kwa haraka na vibaya.

"Bibi, uliandika zote mbili. Niliziona siku ile ile. Mashine ilikuwa na kosa, kosa langu, ilikuwa inaishika ya mwisho tu inaitupa ya kwanza. Nikaitengeneza nilipoichukua. Ndiyo maana ulipoipima ikafanya sawa. Hukusahau. Hukusahau kitu."

Nje bajaji ilipita, muuza samaki akapiga kelele zake, akaondoka.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja." Akaivua miwani. "Nimemwambia mwanangu aliyeko Muheza atafute wa kuja kulala na mimi. Nimemwambia naogopa kuachwa peke yangu na moto. Unajua kumwambia mtoto wako hivyo kukoje?"

"Sijui, bibi."

"Hujui. Ondoka."

Nikaondoka. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja aliponiita.

"Rudi. Kaa hapo. Lete hiyo karatasi yako ya rangi."

Nilidhani anataka kuichana. Akaitandaza mezani, akachukua kalamu nyekundu.

"Ofisini kwetu," akasema, bado hanitazami, "barua haiendi kwa bwana shamba kabla ya kusomeana. Mmoja anasoma kilichoandikwa, mwenziwe anatazama kilivyo. Neno kwa neno. Nani alisomeana na wewe karatasi hii?"

"Hakuna."

"Basi tusomeane. Mimi nasoma inavyodai. Wewe iendeshe, useme inavyofanya. Na usinijibu kwa kichwa chako. Nijibu kwa mashine."

Tukaanza. Ilituchukua mchana wa siku tatu, na ilikuwa aibu ya namna nyingine kabisa, kwa sababu ile ya kwanza nilikuwa nikiijua, na hizo nyingine nilikuwa nikizigundua mbele yake.

Alisoma: "Orodha. Taja kundi la kutumiwa." Akauliza, "Na nikikosea jina la kundi?"

"Itakuambia halipo," nikasema.

"Kwa mashine."

Nikaandika jina la kundi lisilokuwepo, kwa ile orodha ya matunda. Programu haikulalamika. Ilipokosa kundi ililotajiwa, iliwachukua wote. Embe, fenesi, stafeli, wote. Bibi akaandika kwa nyekundu pembeni: Uongo.

"Na nikiandika bila halafu nikasahau namba, nikaendelea na onyesha?"

"Itasema umesahau..." Nikaiendesha. Programu ilimeza neno --onyesha ikidhani ndiyo namba ya kuachwa. Na kwa kuwa onyesha ilishamezwa, haikuonyesha tu. Ingekuwa ni orodha ya watu, ingetuma. Mtu anayetaka kutazama tu angekuwa ameshatangaza msiba.

Bibi aliweka kalamu chini.

"Subhanallah, we mwana," akasema. "Umetupa kisu kisicho na mpini, ukatuambia tumenye."

Hakuwa anatania, lakini mimi nilicheka kwa hofu, na yeye akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakucheka.

Kwenye maneno ya karatasi ile fupi tulikuta uongo mara tano. Kila uongo niliurekebisha kwenye programu, na kila rekebisho nililiandikia jaribio la matunda, ili siku nikibadilisha kitu na uongo ukarudi, majaribio yapige kelele kabla ya mtu kufiwa. Na kila swali la bibi tuliliandika kwenye karatasi mpya kama lilivyotoka mdomoni mwake. Nikirudia? Nikiacha wazi? Nikikosea? Nikibadili mpangilio? Mbele ya --bila sasa hapakuwa na maneno manne tena. Paliandikwa:

"Namba ya mtu ambaye hatatumiwa tangazo. Wakiwa wengi, andika --bila kwa kila mmoja, wote wataachwa. Ukisahau namba, programu itasimama na haitatuma kitu. Kabla ya kutuma itakuonyesha majina ya wote walioachwa na kukuuliza kama ni sawa. Usipojibu ndiyo, haitumi."

Chini kabisa nilitaka kuandika: toleo la kwanza lilikuwa na hitilafu.

"Hitilafu ni ya nani?" bibi akauliza. "Ya mvua?"

Nikaandika: "Toleo la kwanza lilikuwa likimwacha mtu mmoja tu hata ukitaja wawili. Kosa ni la mtengenezaji. Katibu aliandika sawa."

"Hapo sawa," akasema. "Sasa ukaisome kwenye kamati."

Kamati ilikaa barazani kwa mwenyekiti, na kwa kuwa habari zilikuwa zimeanza kunong'onwa, walikuja na wasiokuwa wa kamati. Mama wadogo wa yule mzazi walikuwepo. Mama yangu alikuwepo. Nilisimama nikaisoma karatasi, halafu nikaiweka chini nikasema yaliyobaki: kwamba niliona amri siku ya maziko yenyewe, nikanyamaza, nikarekebisha kwa siri, nikamwacha bibi ajione ameanza kupotewa.

Mwenyekiti alijipangusa uso. "Basi," akasema, "mwana amekiri, yamepita."

"Hayajapita, mzee, uniwie radhi," akasema yule mama mdogo mkubwa. Akanigeukia. "Siku ya tatu ya msiba ulikaa jamvini na sisi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukala?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nasimulia habari ya mtoto wetu na minazi ile, wewe unajua, na unakula."

"Ndiyo, mama."

Mama yangu alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua. Usiku ule hakunisema, na wiki nzima hakunisema, na ningelipenda anipigie hata kelele.

Mwenyekiti akamwomba bibi radhi mbele ya watu, kwa maneno marefu mazuri, akamwambia arudi kwenye ukatibu wake.

"Nirudi nitoke wapi?" bibi akajibu. "Hati haikusainiwa na upande wa pili."

Watu wakacheka, hata mama mdogo kidogo. Nilifarijika mno kusikia kicheko kile, halafu nikaona haya kwa kufarijika.

Ushongo nilikwenda yule dada alipotoka arobaini. Alinipokea vizuri, akanipa maji ya madafu, akanisikiliza yote huku ananyonyesha, maana maziwa yalikuwa yamerudi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Naweza kutoka kwenye hiyo orodha yako?" Nikamwambia anaweza. "Nitoe. Habari zangu ziletwe na watu." Nikamtoa. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza.

Tangaza haijavuka Horohoro. Bado iko mtaani kwetu, na ile mistari ya kujisifu ya juu niliifuta. Ndoto sijaziacha zote, siwezi kudanganya. Ila kila ndoto ikianza kupanda naisikia sauti inaniuliza, kwa mashine?

Juzi asubuhi alifariki mama mmoja wa nyumba za nyuma. Bibi alituma niitwe. Nilimkuta ameshaandika tangazo na amri yote, na kwenye dirisha jeusi kumetokea jina la mmoja aliyeachwa, mume wa marehemu, mzee wa miaka mingi aliyekuwa amepelekwa kwa binti yake Raskazone kupumzika. Chini yake programu inauliza: ni sawa?

Bibi hakujibu ndiyo. Alinyanyua mikono kutoka kwenye vitufe.

"Nani kakwenda kwake?"

"Sijui, bibi. Binti yuko huku msibani, na kaka zake wako njiani kutoka Korogwe."

"Mtaa mzima ukishajua, yeye atakaa muda gani kabla habari hazijamfikia dirishani?"

Nikafikiri. "Si zaidi ya nusu saa."

"Basi nenda wewe."

"Mimi, bibi? Nitamwambiaje?"

"Kaa kwanza. Omba maji. Usikimbilie kusema." Akaivuta miwani puani, akaikunja mikono mapajani mbele ya swali lililokuwa bado linasubiri kwenye kioo. "Ukimaliza nipigie. Sibonyezi kitu mpaka unipigie."

Nikajitanda kanga, nikatoka kutafuta bajaji.